Tahadhari: nyumba ya likizo ya Shimoni niliyoilipia haipo

Ndugu zangu wa Mombasa, na nyinyi mnaokuja Pwani Desemba hii, nawaomba msome haya kabla hamjatuma hata shilingi. Kuna mtu anakodisha nyumba ya likizo upande wa Shimoni, pamoja na safari ya boti kwenda Kisite, ile hifadhi ya bahari yenye matumbawe. Nyumba hiyo haipo. Nimemlipa shilingi 48,500 na sikupata hata kitanda cha kumlaza mamangu.

Tangazo nililiona katika kikundi cha Facebook cha nyumba za kukodi. Vyumba vitatu, baraza pana, bahari inachungulia kwa mbali, na nyuma ya nyumba shamba la miwa. Ile miwa ndiyo iliyonimaliza. Mtu wa huku kwetu akiona miwa na bahari katika picha moja, akili yake inakwenda Ramisi moja kwa moja. Kiwanda cha sukari cha Ramisi wazee wetu wanakikumbuka, na hadi leo ukishika barabara ya Lungalunga utaiona miwa. Picha ilifanana na mahali, nami nikaamini.

Tulikuwa watu tisa: mama, mimi, dada zangu wawili wanaoishi Nakuru, na watoto. Mama amezaliwa Majengo, umri wake wote ameishi na bahari, lakini matumbawe hajawahi kuyaona yakiwa hai chini ya maji. Nilitaka apande boti, avae miwani, ainamishe uso aone kilichoko. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Bei haikuwa ya kutilia shaka. Nyumba 9,000 kwa usiku, siku tatu ni 27,000. Boti na chakula cha mchana kisiwani Wasini, 16,500. Kisha 5,000 alizoziita ada za kuingia hifadhi. Aliomba arbuni ya 25,000, nikamtumia. Siku mbili baadaye akanipigia, sauti ya upole, "dada yangu" kila sentensi, akaniambia kuna wageni wa Nairobi wanaitaka nyumba kwa tarehe zizo hizo na wako tayari kulipa zote leo. Nikaogopa kuikosa. Zile 23,500 zilizosalia alitaka nizipeleke kwa namba nyingine, na M-Pesa iliponionyesha jina la mpokeaji, halikuwa lake. Nikamuuliza. Akasema huyo ni mhasibu wao. Nikabonyeza.

Jumamosi tukavuka feri Likoni saa mbili asubuhi, magari mawili, vyakula vimefungwa, mahamri ya mama yangali na moto. Hadi Msambweni alikuwa akijibu ujumbe. Tulipofika Kanana, pale barabara ya Shimoni inapochepuka, simu ikazimwa na haikuwashwa tena. Tukateremka hadi Shimoni kuulizia. Tuliwaonyesha picha watu wa boda, wenye maduka, na kina mama wauza samaki. Wote walitikisa kichwa.

Pale gatini mzee mmoja nahodha aliomba asome mazungumzo yangu na yule mtu tangu mwanzo. Alisoma polepole, simu ameishika mbali na macho. Kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu si mtu wa bahari. Amekwambia mtavua samaki Kisite muwachome hapo hapo. Kisite hakuvuliwi, ndiyo hifadhi yenyewe. Sisi twavua upande wa Mpunguti, tena uvuvi wa kienyeji. Na amekuahidi kesho saa nne asubuhi atawashusha kwenye fungu la mchanga. Kesho ni siku ya saba tangu mwezi uandame. Maji mafu hayo. Saa nne maji yajaa, hilo fungu utalisimamia wapi?"

Nimezaliwa pwani na sikuliwaza hilo. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndipo maji yetu hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi na fungu likajitokeza. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa zile zile maji yako juu. Yule mtu alinakili maneno ya tangazo la mtu mwingine bila kujua yanasema nini.

Mzee alisema sisi ni familia ya tatu kufika pale tangu mwezi uanze, na kila familia inaondoka ikiamini Shimoni ni mji wa wezi. Nataka niliseme wazi: watu wa Shimoni na Wasini hawakutukosea chochote. Walitupa maji, wakawapa watoto kivuli, na vijana wawili walijitolea kutupeleka Wasini kwa bei ya mafuta tu. Mimi ndiye sikuwa na kitu tena mfukoni. Tulikula mahamri chini ya mwembe, mama ametazama majini bila kusema neno, kisha tukarudi Mombasa.

Usiku mpwa wangu aliipitisha ile picha kwenye utafutaji wa picha wa Google. Nyumba iko Australia, jimbo la Queensland, nje kidogo ya mji wa Bundaberg. Kumbe huko nako ni nchi ya miwa iliyopakana na bahari, na si mbali na ncha ya kusini ya Great Barrier Reef, ule mwamba wa matumbawe wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,300. Na wao pia huendesha gari upande wa kushoto, usukani kulia, kwa hiyo hata gari lililoegeshwa uani halikunishtua. Nikiitazama sasa naona yote. Nyumba imeinuliwa juu ya nguzo, unapanda ngazi za mbao kuingia. Nani anajenga hivyo Ramisi? Na miti ya nyuma yake ni mikaratusi, magome yanabambuka meupe. Mnazi hata mmoja hakuna.

Kwa hiyo, wewe unayepanga safari, picha usiiamini mpaka umeitafuta mtandaoni. Mwambie mwenye nyumba akupigie simu ya video akiwa mlangoni, atembee hadi barabarani ukimwona. Wangu nilimwomba mara moja, akasema mtandao wa huko ni dhaifu, nikanyamaza. Pesa za hifadhi usimpe mtu: Kisite iko chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na ada unalipa wewe mwenyewe kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, risiti inakuja kwako. Jina la M-Pesa likiwa si la uliyekubaliana naye, acha hapo hapo, hata akuape. Na kama ni safari ya baharini, muulize siku hiyo maji yanapwa saa ngapi. Nahodha wa kweli atakujibu papo hapo, na pengine atakubadilishia saa ya kuondoka. Ukiweza, subiri ufike gatini, uione boti na jaketi za kuokolea kabla ya kulipa.

Ukiwa umeshatuma, usikae kuona haya kama nilivyokaa mimi hadi jioni. Ujumbe wa M-Pesa upeleke dakika hiyo hiyo kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe. Wangu ulipofika, pesa zilikuwa zimeshatolewa. Nimeripoti polisi na nina namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kama nawe ulimtumia mtu huyu, ripoti kituo cha karibu nawe, uende na ujumbe wa M-Pesa na picha za mazungumzo, kwa sababu malalamiko ya mtu mmoja ni rahisi kuwekwa kando.

Ukurasa alioutumia kwangu ameufuta. Lakini jana usiku dada yangu ameliona tangazo tena, jina jingine, namba nyingine, picha ni zile zile: nyumba ya nguzo, miwa nyuma, gari uani. Sasa anasema iko Msambweni, na ameshusha bei hadi 7,500 kwa usiku.