Tela la chini la kubebea Argo: lipi linafaa barabara za Mtwara na Lindi

Mwenye Argo au gari jingine la magurudumu manane linalotembea nchi kavu na majini ana njia tatu za kupata tela huku kusini. Anaweza kununua tela la boti lililokwishatumika, kuchukua tela la kawaida la mizigo na kuliongezea reli za kupandia, au kumpa fundi wa kuchomelea kazi ya kuunda tela la chini ambalo sakafu yake inainama. La tatu ndilo lenye thamani ya pesa yako, ila usimwachie fundi uamuzi wa ekseli.

Tela la boti linavutia kwa kuwa gari lenyewe linaelea, lakini boti hupakiwa tela likiwa majini, na Argo hutoka majini kwa matairi yake na kupanda pakavu. Kwa nini basi uzamishe habu, yaani vitovu vya magurudumu, zikiwa na moto kwenye maji ya chumvi? Habu ikipoa ghafla inavuta maji kupitia oili sili, ule mpira wa kuzuia grisi isitoke, na beringi haimalizi msimu. Isitoshe, tela la boti halina sakafu. Ukishalichomelea sakafu, chuma kirefu cha katikati ya tela kinakulazimisha uiweke juu.

Tela la mizigo lenye sakafu juu ya matairi lina kimo cha sentimita 70 hivi. Kupanda si tatizo, tatizo ni ukingo. Magurudumu ya Argo yamekaribiana, kwa hiyo gari hupanda likiwa limeelekeza pua angani, kisha uzito ukivuka ukingo linaanguka kwa kishindo. Hapo ndipo reli zinaporuka nje. Barabarani nalo linayumba, kwa sababu uzito umekaa juu.

Sasa tela linaloinama. Argo ya 8x8 ina urefu wa mita 3 hivi na upana wa mita 1.5, na ikiwa na mafuta na vifaa ihesabie kilo 700. Agiza sakafu ya mita 3.3 kwa 1.65, magurudumu ya tela yakiwa pembeni mwa sakafu, si chini yake. Ekseli iwe umbali wa mita 2 kutoka mbele ya sakafu, na mkono wa kuvutia utokeze mita 1.2. Ukiufupisha, tela litakunja haraka mno unaporudi nyuma.

Kwa tairi za 195R15C, zile za Hiace ambazo hukosi kuzipata Masasi wala Kilwa Masoko, ekseli iliyonyooka inakupa sakafu ya sentimita 45. Ekseli iliyoshushwa sentimita 10 inaifikisha 35, na chini ya chuma bado zinabaki sentimita 20 za kupita mchanga wa Msimbati. Tofauti hiyo inaonekana wakati wa kupakia: mkia wa sakafu, yaani mita 1.3 zilizo nyuma ya ekseli, unainama nyuzi 20 kwa sakafu ya juu, nyuzi 16 kwa ya chini. Matairi yakiwa na tope la mikoko, nyuzi hizo nne ndizo zinazoamua kama gari litapanda au litateleza.

Mafundi wengi watakuletea ekseli ya difu iliyokatwa kutoka gari bovu. Ikatae. Ni nzito, bakuli la difu linaning'inia chini, na oili inavuja hadi kwenye breki. Nunua chuma kizima cha mraba cha milimita 50 chenye habu za Hiace. Breki iwepo, maana Argo na tela pamoja vinavuka tani moja, na mteremko wa kutoka Newala hauna huruma kwa breki za Hilux peke yake.

Kabla ya kuchomelea springi moja kwa moja, fundi azishike kwa nukta tu. Pandisha gari, sawazisha tela, kisha weka kichwa cha kuvutia juu ya mizani; ya ghala la korosho inafaa kabisa. Tafuta asilimia 10 ya uzito wote, yaani kilo 100 hadi 110. Ikisoma kilo 60, tela litachezesha mkia ukifika mwendo wa 80. Kusogeza gari mbele sentimita 10 kunaongeza kilo 22 hivi. Ukishapata namba yako, chomelea springi, halafu funga kizuizi cha mbele chenye mpira ili gari lisimame hapo hapo kila safari.

Sakafu ikiinamia kwenye ekseli, upande wake wa mbele utadondoka gari likikaribia kizuizi, takriban sentimita 35 za mwisho. Shokapu moja kuukuu ya pikapu, kati ya mkono na sakafu, inaituliza. Pini ya kufungia iwe ya milimita 20 na ipite kwenye bushi. Pini inayopita kwenye tundu tupu hulipanua likawa kama yai, na sakafu ikaanza kugonga.

Usifunike sakafu yote. Njia mbili za matairi, kila moja sentimita 45, za cheka pleti (bati nene lenye vinundu) ya milimita 3 zina kilo 77 hivi. Sakafu nzima inazidi kilo 140, tena inakusanya tope. Mkiani chomelea nondo za milimita 10 kila baada ya sentimita 20. Gari hili hukata kona kwa kufunga breki upande mmoja, kwa hiyo linyooshe kabla halijapanda. Ukikata kona juu ya sakafu unachana tairi.

Ukitoka majini, acha sakafu ikiwa imeinama na ufungue kizibo cha nyuma cha bodi. Lita 100 zilizobaki ndani ni kilo 100, na zikikimbilia nyuma zinanyanyua kichwa cha kuvutia. Rudisha kizibo kabla hujafunga mikanda minne kwenye chuma cha gari, kamwe si kwenye matairi. Matairi yana upepo mdogo sana na yanazidi kubonyea njiani, hivyo mkanda uliokaza Mtwara umelegea ukifika Mikindani. Simama hapo, kaza upya, na ushike habu: kama mkono hauvumilii, nati ya beringi imebana mno.

Kuhusu kazi ya mafundi wenyewe, kuchomelea kwao ni kuzuri, hasa wale waliozoea matela ya trekta. Udhaifu uko kwenye rangi na waya. Upepo wa bahari hula skwea paipu kutoka ndani bila wewe kuona, kwa hiyo agiza chaneli, yaani vyuma vilivyo wazi upande mmoja, zisuguliwe hadi chuma cheupe, zipigwe redi oksaidi, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, mara mbili kabla ya rangi. Taa zipewe waya wa ethi hadi kwenye plagi. Ethi inayopitia kichwa cha kuvutia hukatika kwa kutu na taa zote zinafifia ukikanyaga breki. Risiti za chuma na za ekseli zitunze, utaulizwa uhalali wa tela siku ya kulisajili TRA.