Mwanza kwa mgeni: wapi ukae, wapi upite tu

Haya ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo sichambui simu wala spika, leo tunachambua jiji. Una siku mbili Mwanza, umekuja harusini au kikazi, mambo yameisha mapema, na hutaki kushinda hotelini unaangalia runinga. Uende wapi?

Tuanze na Jiwe la Bismarck, maana najua ndilo mnalolisubiri. Lipo ufukweni katikati ya mji, jirani na kivuko cha Kamanga. Miamba imesimama majini, mmoja juu ya mwingine, na miaka yote hiyo haujaanguka. Jina ni la Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892, Waingereza wakawatoa Julai 1916, jina likabaki kwenye jiwe. Nenda jioni, kwenye saa kumi na mbili, jua likishukia upande wa Sengerema. Picha itatoka safi. Lakini tusidanganyane jamani, dakika ishirini zinatosha. Anayekwambia utashinda pale siku nzima ana biashara ya soda.

Sasa ukiwa hapo hapo, fanya kitu ambacho wageni wengi hawakifanyi: kata tiketi ya Kamanga, uvuke kama abiria wa kawaida. Nauli ya mtembea kwa miguu ni ndogo sana ukilinganisha na boti ya kukodi. Panda sehemu ya juu, geukia ulikotoka. Ukiwa barabarani, Mwanza ni foleni na honi za bodaboda. Ukiwa majini ndipo unaiona: mabati yamepanda mlima katikati ya mawe, nyumba zimejengwa mahali ambapo wewe usingethubutu kuweka hata banda la kuku, na Hospitali ya Bugando iko juu kabisa inawatazama wote. Jina la Jiji la Miamba utalielewa ukiwa humo kivukoni, huhitaji maelezo ya mtu. Kwangu mimi hii ndiyo thamani kubwa kuliko zote kwa pesa ndogo.

Kisiwa cha Saanane sasa. Hii ni hifadhi ya taifa, tena ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu. Mwaka 1964 ilianza kama bustani ya wanyama, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa na makazi yake kisiwani. Boti unaipandia Capri Point na kuvuka ni dakika chache. Utaona swala pala, tumbili, pimbi wanaota jua, na mijusi yenye rangi ambazo utafikiri imepakwa. Ukienda na picha ya Serengeti kichwani utanung'unika. Ukienda na watoto, chakula chenu, na viatu vya kupandia mawe, mtafurahi. Asubuhi ni bora, mchana yale mawe yanarudisha joto lote. Jaketi okozi livaeni hata kama safari ni fupi. Ziwa hili halina utani.

Na kwa kuwa nimelitaja hilo: pale Igoma, ukiwa unaelekea Musoma, kuna makaburi ya waliofia kwenye meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Mamia ya watu. Sipaweki kwenye orodha ya matembezi. Ukipita, shuka, simama kidogo, uvue kofia.

Njia hiyo hiyo inakufikisha Kisesa, na hapo ndipo Bujora. Watazamaji, kama mna nusu siku moja tu, ipelekeni Bujora. Ni Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kuna ngoma za watemi, kuna nyumba ya mganga, kuna ya mhunzi, na kuna banda la kifalme lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Lakini usiingie ukaanza kupiga picha na kutoka. Mwombe anayekutembeza akueleze habari za Bagika na Bagalu. Hawa ni wafuasi wa manju wawili, yaani viongozi wa ngoma, Ngika na Gumha, walioshindana kucheza ngoma mpaka ushindani ukawagawa Wasukuma katika pande mbili, na mashindano yapo hadi leo. Si kucheza vizuri tu. Anayeshinda ni anayevuta watu wengi upande wake, kwa hiyo kuna dawa, kuna vituko, kuna majembe yanarushwa hewani, kuna chatu wanachezewa shingoni. Ukiweza, panga safari yako iangukie Juni, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma inayofuata Sikukuu ya Ekaristi Takatifu ya Wakatoliki. Mvua pia inakuwa imekwisha. Na ukifika mchana, wasalimie kwa Kisukuma, sema "mwadila". Uone nyuso zinavyofunguka.

Wapenda historia ya Wazungu watawaonyesha kilima cha Isamilo na kuwaambia habari za Speke, mpelelezi Mwingereza aliyelifikia ziwa Agosti 1858. Sawa. Waulize basi na habari za Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani wake kwenye safari hiyo. Wengi hawamjui.

Namalizia na mwaloni wa Kirumba. Hapa si pa kitalii, hakuna atakayekupokea kwa tabasamu na kijikaratasi. Ni soko la samaki. Wapagazi wanapita na viroba vya dagaa, ukizubaa njiani utasukumwa, na ni haki yao. Dagaa wa hapa wanapakiwa mpaka Kongo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo angalia mwezi kabla ya kupanga safari: kwenye giza, kaa sehemu ya juu usiku, utaona ziwa limejaa taa mpaka mbali. Asubuhi yake ndiyo ya kwenda mwaloni.

Omba ruhusa kabla ya kuwasha kamera, hasa kwa wanaonunua mabondo ya sangara, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa samaki. Yale ni mali ya pesa nyingi, hawapendi kurekodiwa wakihesabu. Kuoga ziwani achana nako, kichocho kipo. Kula sato aliyetoka kuchomwa, kwa ugali, kwa mkono. Dagaa wa kurudi nao nyumbani chagua waliokauka sawasawa, wasio na mchanga. Onja mmoja kabla hujalipa, ukisikia chembechembe kwenye meno nenda meza nyingine. Wafunge mara mbili, abiria wenzako kwenye basi watakushukuru.