Pave mbele ya maduka, Chaussée de Kasenga: kazi nzuri, kingo dhaifu

Sisi wenye maduka ya upande mmoja wa Chaussée de Kasenga, pale Bel Air katika komine (manispaa) ya Kampemba, mjini Lubumbashi, tulichanga pesa ili kutandika pave, yaani matofali ya zege ya kutandikwa chini, mbele ya milango yetu na kufunika mtaro unaotutenganisha na lami. Karakana tuliyoipa kazi hiyo ni ndogo na inafyatua pave zake yenyewe. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nitaisifu na kuilaumu humu humu. Msimu mzima wa mvua umekwisha kupita juu ya kazi hiyo, na kwa hiyo hukumu yangu ina uzito kuliko ile ambayo ningeitoa siku ilipokabidhiwa, wakati kila kitu kilikuwa kinang'aa.

Anayepita njia hii kuelekea Ruashi anajua tulivyokuwa tukiishi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu lilitanda juu ya bidhaa tangu asubuhi, na mvua zilipoanza, kwa kawaida mwezi wa Novemba, vumbi lile lile liligeuka utelezi. Wateja walivuka mtaro juu ya ubao, na wapita njia wasiotaka kuchafua viatu walishuka kwenye lami, wakatembea bega kwa bega na taksi-basi, pikipiki na malori. Kabla ya kugusa chochote tulikwenda kuomba ruhusa komine, kwa sababu ukanda ulio kati ya ukuta wa duka na lami ni mali ya umma, hata kama mwenye duka ndiye anayeufagia.

Pave zenyewe nazisifu bila shaka. Tulichagua za mstatili, sentimita 20 kwa 10, zenye unene wa sentimita 6. Mita moja ya mraba inachukua pave 50, na kila moja ina uzito wa karibu kilo 3. Kabla ya kulipa tulikwenda kwenye karakana, tukachukua mbili na kuzigonganisha, zikatoa mlio mkavu kama wa chuma, kisha tukaivunja moja tuone ndani yake, na rangi ilikuwa moja tangu juu hadi chini, bila mchanga wa kumomonyoka. Siri yao ni uvumilivu. Hawatoi pave iliyofyatuliwa juzi. Wanazifunika kwa magunia na kuzimwagia maji kwa wiki nzima, halafu wanaziacha zifikishe siku 28, muda ambao simenti inahitaji ili ikomae. Mahali ambapo lori linarudi nyuma kushusha mizigo ya depo, walikataa katakata kutandika za sentimita 6 na kutulazimisha kununua za sentimita 8. Tulinung'unika juu ya gharama, lakini mpaka leo pave za pale hazijazama.

Hata hivyo, pave nzuri iliyolala juu ya udongo mbaya ni hasara, na hapo ndipo ninapompa heshima msimamizi wa kazi. Udongo wetu ni mfinyanzi mwekundu, ambao ukilowa unavimba na ukikauka unapasuka. Aliuchimba, akatoa majani, mizizi na takataka zilizofukiwa humo kwa miaka mingi, akarudishia kokoto tabaka kwa tabaka huku akinyunyiza maji na kushindilia, na mwisho akasawazisha mchanga wa unene wa sentimita 4 hivi. Usawa aliupima kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji: kijana mmoja alishika ncha moja ukutani, mwingine akashika ncha ya pili kwenye mtaro, naye akawa anapiga alama kwa penseli mahali maji yalipotulia. Toka ukutani hadi mtaroni alishusha sentimita 2 kwa kila mita. Mwinamo huo mguu hauusikii, lakini maji yanauona. Mvua kubwa ya kwanza ilipokatika, mbele ya famasi, mahali palipokuwa na dimbwi la kudumu, hapakubaki hata kikombe cha maji.

Lawama yangu ni juu ya kingo. Upande wa mtaro waliweka bordo, yaani ukingo imara wa zege, lakini kwenye ncha mbili za kazi, pale pave zinapokutana na udongo mtupu, walipaka chokaa chembamba cha simenti na kuondoka. Pave hushikana kwa kubanana, na ukingo ukilegea, safu nzima inaanza kutembea. Kabla ya Krismasi chokaa kile kilikuwa kimepasuka, mchanga wa katikati ya pave ukachukuliwa na maji, na watoto wakaanza kuzing'oa kwa mikono. Tulipiga simu nyingi kabla hawajarudi, na waliporudi walitaka tuwanunulie simenti ya kurekebisha kosa lao wenyewe. Mwenye kazi safi namna ile hakupaswa kujishusha hivyo.

Vifuniko vya mtaro navyo vimenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Ni dale za zege zenye nondo ndani, sentimita 60 kwa 50, kila moja ikikaribia kilo 60, na zina matundu mawili ya kupitishia kulabu, hivyo vijana wawili wanaweza kuinyanyua, kusafisha chini na kuirudisha. Ng'ambo ya barabara kuna jirani aliyefunika mtaro wake kwa zege moja lisilofunguka. Chupa na mifuko ya plastiki vilipojaa chini yake, maji yalitafuta njia yakaipata dukani mwake. Kasoro ya dale zetu ni kwamba nafasi zilizoachwa ili maji yaingie ni nyembamba mno, na kila baada ya mvua lazima mtu apite na kijiti kuzizibua.

Palikuwa na mti wa mwembe ambao mafundi walitaka kuukata ili mistari yao inyooke. Tulikataa. Waliuachia mraba wa udongo usiotandikwa, na saa saba mchana wateja wote wamejaa hapo.

Lililobaki ni la wauzaji, na hili karakana haiwezi kulitatua. Mahali pasafi panavuta watu, na baadhi ya jirani zangu walitaka mama wa mikate na wabadilisha pesa wafukuzwe. Sikubaliani nao, kwa sababu mama hao walikuwapo kabla ya pave, na wengi wanaoingia madukani mwetu walisimama kwanza kwa ajili yao. Msimamizi alishauri tutandike mstari wa pave nyekundu, ili mita moja na nusu ya upande wa ukuta ibaki ya kupita, na meza zikae kati ya mstari na mtaro. Asubuhi mstari unaheshimiwa. Jioni meza zinausogelea, kisha zinauvuka, na mwenye pusi-pusi, mkokoteni wa kusukuma kwa mikono, anarudi kwenye lami kama zamani. Mbabula, jiko la makaa, nayo inachoma: moto mkali unabandua uso wa pave na mafuta yanaacha doa lisilotoka, kwa hiyo tumewapa mama hao vipande vya bati vya kuweka chini. Pave iliyoharibika inang'olewa peke yake na kuwekwa nyingine, jambo ambalo zege la kumwaga haliruhusu, na hata siku bomba likihitaji kufukuliwa, pave zile zile zitarudi mahali pake.

Ninaipendekeza karakana hii kwa mwenye duka aliye tayari kusimamia. Bei inahesabiwa kwa dola kwa mita ya mraba, usafiri ukiwa kando, na inapungua majirani wakiagiza pamoja. Andikeni bordo za pande zote nne kwenye mkataba, toeni malipo ya kwanza ya kununulia simenti, na sehemu ya mwisho ishikeni mkononi mpaka mvua kubwa mbili tatu ziwe zimenyesha.