QGIS na ushoroba wa Kwakuchinja: uzoefu wangu

QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora na kuchambua ramani, naitumia zaidi kwa kazi moja: kujua ni maeneo yapi ya ushoroba wa Kwakuchinja, mapito ya wanyama kati ya Hifadhi ya Tarangire na Hifadhi ya Ziwa Manyara, yapewe kipaumbele vijiji vinapoandaa mipango ya matumizi ya ardhi. Programu hii ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na hadi leo hailipiwi leseni. Hilo ni jambo kubwa kwetu, kwa sababu kazi ikiisha namwachia afisa ardhi faili zote, naye anaendelea bila kununua chochote.

Data nyingi nazo ni za bure. Uoto nautoa kwenye picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10, mwinuko kwenye SRTM (vipimo vya rada kutoka angani) ya mita 30, barabara na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Kila tabaka la ramani nalipatia alama 1 hadi 5: ukaribu wa maji, aina ya uoto, mteremko, umbali wa mashamba, umbali wa barabara kuu ya Arusha–Dodoma. Kikokotoo cha rasta, yaani cha ramani za pikseli, kinazidisha alama kwa uzito niliouweka kulingana na umuhimu wa kila tabaka, kinajumlisha, na ramani inatoka na rangi zake, kijani kwa makazi bora ya wanyama, nyekundu kwa yaliyoharibika.

Tahadhari kwa atakayefanya kazi eneo hili: longitudo 36 Mashariki inapita humo humo, kwa hiyo kwenye UTM, mfumo wa kupima mahali kwa mita unaoigawa dunia katika kanda, upande mmoja uko kanda ya 36 Kusini na mwingine 37 Kusini. Chagua kanda moja tangu mwanzo. Ramani za zamani zilizochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, nazo usizipachike juu ya data za jipiesi kabla ya kuzibadilisha, la sivyo mpaka wa kijiji utahama mamia ya mita, na mpaka wa kijiji ukihama hata kwenye karatasi, kikao hakitaisha.

Sasa jambo linalonigusa zaidi. Ukipanga makazi kwa ubora peke yake, Tarangire inang'aa kijani na Kwakuchinja inatoka njano yenye mabaka mekundu. Ni kweli, pale pana barabara, mashamba na nyumba. Lakini nyumbu na pundamilia wa Tarangire hawakai hifadhini mwaka mzima. Kiangazi wanabanana kandokando ya Mto Tarangire. Mvua zikinyesha wanatawanyika, wengine wanaenda Simanjiro kuzaa, wengine wanashika kaskazini kwa kupitia Kwakuchinja. Kipande chenye alama ndogo ndicho kinachoshikilia msafara mzima. Programu haijakosea, imejibu swali ililoulizwa. Ndiyo maana siku hizi sitoi ramani ya ubora bila tabaka la pili la mapito, ninalolitengeneza kwa kukokotoa njia rahisi kwa mnyama kutoka hifadhi moja hadi nyingine. Eneo lolote ambalo njia hizo zinabanwa linapanda daraja, hata kama majani yake ni haba.

Uzito nao siuamui peke yangu. Kwenye kikao kimoja cha kijiji nilifungua kompyuta mbele ya watu, mzee mmoja akanionyesha baka jekundu akasema, "Mwanangu, hapa tukishavuna wanapita usiku kucha." Nilipunguza adhabu ya mashamba ya msimu, yaani alama zinazokatwa kwa ajili yake, nikaacha ile ya mashamba yenye uzio, tukakokotoa upya wote tukitazama. Baka likageuka njano. Hiki ndicho ninachokipenda QGIS: namba ziko wazi, mwananchi anaweza kuzihoji na kuona jibu likibadilika hapo hapo. Ramani inayoletwa imeshachapwa haitoi nafasi hiyo, na mwenye shamba anayo haki ya kujua kwa nini ardhi yake imepakwa kijani.

Kwa upande wa mashine, kompyuta yenye RAM ya GB 4 itahema sana kwenye picha za mita 10. Kata eneo lako kwanza, au tumia pikseli za mita 30, zinatosha kabisa kwa tembo na nyumbu. Porini tumia QField, programu ya simu inayofungua miradi ya QGIS, maana inafanya kazi bila mtandao, na alama za nyayo au kinyesi zinaingia moja kwa moja kwenye mradi.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Jedwali la uzito liambatishe kwenye kila ramani unayokabidhi, tena kwa Kiswahili, ili serikali ya kijiji ibaki nalo.