Kitulo na familia: maua safi, gari ndo lilituangusha

Tumeenda Kitulo, ile hifadhi ya taifa ya maua, mwezi wa pili tukitokea Mbeya mjini, mimi, mama watoto, watoto wawili na mama mkwe. Miaka yote nasikia wanaiita Bustani ya Mungu nikajua ni maneno ya watu wa utalii tu. Jamani, nimekoma.

Nianze na gari. Tulikodi Noah na dereva, nikamuuliza mwenye gari mara mbili kama itafika juu na mvua hizi, akanijibu "bosi, hiyo inapanda popote". Chimala unaiacha lami unaanza kukwea zile kona za Hamsini na Saba, dogo alikuwa anazihesabu kwa sauti mpaka kwenye thelathini na ngapi sijui akatapika. Noah ilipanda, tusiidhulumu, iliyotushinda ni tope la kule mbele ya Matamba, tukashuka wote kusukuma, mpaka mama mkwe na kitenge chake, mwisho vijana wa lori la viazi ndo wakatuvuta na hela wakakataa wakasema soda inatosha. Tumefika kwenye maua saa saba kasoro, ukungu nao huo unashuka. Hapo nina kinyongo mpaka leo, maana asubuhi ndo kulikuwa na mwanga.

Sasa maua. Ukitegemea bonde zima la rangi moja kama kwenye kalenda utasema mbona nyasi tupu. Shuka, tembea, inama. Yale marefu mekundu juu njano chini kama mwenge unayaona toka mbali, ila mengi ni madogo saizi ya kifungo cha shati yamejificha kwenye majani, na okidi peke yake ziko zaidi ya aina 40, hifadhi yenyewe imetengwa 2005 kwa ajili ya mimea, simba msiwaulize. Mama watoto alikuja na kamera ya kuazima yenye lenzi ndefu kama bomba, haikusaidia kitu, ukisogea karibu haishiki. Picha kali zote kapiga binti yangu wa miaka tisa, kalala kifudifudi kwenye majani mabichi na simu yangu, kuna okidi moja ya chungwa kaipiga kwa chini hadi mishipa ya ua unaiona na kidudu kinatembea mle ndani. Sweta lililowa lote, bibi yake akamgombeza huku anacheka.

Mkienda bebeni masweta na makoti ya mvua, baridi ya kule sio ya mchezo, getini keshi hawataki, na laleni Matamba ili muamkie juu. Hifadhi naipa nyota tano, yule wa Noah moja, na hiyo moja ni ya dereva alivyosukuma na sisi.

Halafu mama mkwe. Yeye mtu wa Tunduma, chikanda, kile chakula cha viazi vya porini, kala toka utotoni. Askari aliyetuongoza akamwonyesha okidi akamwambia mama, chikanda ni kiazi cha hii, watu wanakuja kuchimba usiku wanavusha Zambia, kwa hiyo hapa hata kimoja hung'oi. Mama akachuchumaa akaliangalia lile ua kimya, muda mrefu tu. "Kumbe una sura," akasema. Akaomba apigwe nalo picha.