Mbegu ya Seredo: ugali wetu, mabua ya ng'ombe

Wafugaji wenzangu wa huku Makueni, hii mbegu ya mtama inaitwa Seredo naipa nyota 4 kwa 5 na sababu kubwa wala sio ugali, ni mabua. Gadam, ule mtama mwingine, sina ubaya nayo, inawahi, miezi mitatu hivi ushavuna, na watu wa bia wanaichukua, lakini ni fupi jamani, ukishakata masuke unabaki na nini cha kumpa ng'ombe mwezi wa tisa nyasi zikiwa zimeisha? Seredo inachelewa kidogo ila bua ni refu na lina majani. Ni mbegu ya zamani, ilitoka kituo cha Serere kule Uganda, punje za kahawia zenye tanini, ule ukali wa kukausha mdomo, kwa hivyo ndege hawaishambulii vile wanamaliza mtama mweupe. Ugali wake una kaukali flani, changanya na mahindi.

Sasa mabua. Mimi punje zikikomaa tu nakata, majani ya juu yakiwa bado kijani, napitisha kwa chafkata, ile mashine ya kukatakata majani, namwagia molasi kidogo iliyochanganywa na maji, hori linabaki safi. Ukiacha shambani mpaka kukauke kabisa shina linakuwa kuni, ng'ombe wanachambua majani shina wanakuachia. Hapo ndio nyota moja imeenda.

Na hii kitu inaweza kurekebishwa na wazalishaji mbegu wakitaka, kuna mitama yenye lignini kidogo, ile inayofanya shina kuwa gumu, na ingine inakaa kijani hata ukame ukibana. India, taasisi za utafiti za kilimo na mifugo, ICRISAT na ILRI, wanapima mabua pamoja na nafaka, na pale Hyderabad wachuuzi wanalipisha zaidi bua ambalo ng'ombe anameng'enya asilimia 52 kuliko la 47, tofauti ndogo hivyo! Huku pakiti inakuambia magunia kwa ekari basi, ya mabua hakuna hata mstari.

Baada ya kuvuna inachipua tena, poa sana, lakini hayo machipukizi machanga yana sumu, haswa yakipigwa na jua kali, usifungulie ng'ombe mpaka yafike kiunoni.

Halafu msinunue ya kupimiwa kwa kopo, duka flani liliniuzia hivyo ikamea mapengo mapengo. Chukua pakiti yenye stika ya KEPHIS, wale wakaguzi wa mbegu wa serikali, kwangua, tuma namba kwa SMS 1393 ujue si feki ukiwa bado hapo kaunta.