Tathmini: Programu ya Vijana Wahamiaji katika Sekondari ya Umma, Pennsylvania

Kijana anayewasili Marekani akiwa na umri wa miaka 17, huku Kiingereza chake kikiishia kwenye salamu na majina ya vitu vichache, anahitaji mambo mawili kutoka kwa shule ya umma: lugha, na diploma ya sekondari kabla umri wa kuwa mwanafunzi haujamwisha. Programu ninayoitathmini imo ndani ya shule kubwa ya sekondari katika mji mmoja wa Pennsylvania, ambako mpwa wangu amekuwa akisoma tangu familia ilipotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania. Hitaji la kwanza inalitimiza kwa ustadi mkubwa. La pili inaliendea kwa ulegevu, na kwa mwanafunzi wa umri huo ulegevu wa namna hiyo una madhara kuliko hata mwalimu dhaifu.

Usajili ulikwenda vizuri. Mzazi au mlezi huombwa uthibitisho wa umri wa mtoto, wa makazi na wa chanjo, na kanuni za jimbo zinaitaka wilaya ya shule impokee mwanafunzi ndani ya siku tano za kazi baada ya kukabidhiwa nyaraka hizo. Hatukuulizwa habari za uhamiaji, wala haikupasa tuulizwe, kwa kuwa tangu hukumu ya Plyler dhidi ya Doe ya mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani imekataza shule za umma kumnyima mtoto elimu ya bure kwa sababu hana hati za ukaazi. Tulijaza fomu ya lugha zinazozungumzwa nyumbani, kisha binti huyo, mpwa wangu, akapimwa Kiingereza chake katika kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mkalimani wa Kiswahili alipatikana kwa simu bila sisi kulazimika kumwomba. Ninawasihi walezi wengine wasikubali kamwe mtoto awe mkalimani wa kikao kinachoamua masomo yake mwenyewe. Shule ndiyo yenye wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na haina haki ya kumtoza gharama yoyote.

Ufundishaji ndio uliobeba programu hii. Sehemu ya kwanza ya siku wanafunzi wageni husoma Kiingereza peke yao katika darasa dogo. Baada ya hapo huingia madarasa ya hisabati, baiolojia na historia, ambako mwalimu wa somo husaidiwa na mwalimu wa lugha. Mwalimu wa baiolojia huwaruhusu wanaotumia lugha moja wajadiliane kwanza kwa lugha hiyo kuhusu walichokiona kwenye hadubini, na baadaye kila mmoja aandike maelezo yake kwa Kiingereza akiongozwa na vianzio vya sentensi vilivyobandikwa ukutani. Msimamo wa kufundisha lugha na maarifa kwa pamoja una historia nchini humo: International High School iliyofunguliwa mwaka 1985 katika LaGuardia Community College, Queens, ilijengwa juu ya msimamo huo, na shule nyingi za vijana wahamiaji zimeufuata. Nilipoketi nyuma ya darasa siku ya wazazi, niliona vijana wenye ndevu wakibishana kwa bidii juu ya utando wa seli, na hapakuwa na kitabu cha picha za watoto wadogo mezani. Kuheshimu umri wa mwanafunzi ni sehemu ya ualimu, na walimu hawa wanalijua hilo.

Hisabati inastahili kutajwa peke yake. Katika Nyarugusu wanafunzi wa Kikongo husoma kwa mtaala wa nchi yao, ambao lugha yake ya sekondari ni Kifaransa. Katika madaftari ya mpwa wangu tatu na nusu huandikwa 3,5, ilhali Marekani huandikwa 3.5 na mkato hutumika kutenganisha maelfu. Hata mpangilio wa kugawanya namba kubwa ni tofauti, kwani kigawanyo hukaa upande wa kulia. Mwanafunzi anayeijua hesabu vizuri anaweza kuonekana hajui kitu kwa sababu ya alama tu. Mwalimu wake aliitambua tofauti hiyo mapema, akampa jaribio lisilo na maneno, akagundua kwamba anaweza milinganyo ya aljebra. Ninaona huu ni uangalifu wa hali ya juu, kwa maana wengi wangemrudisha kwenye hesabu za shule ya msingi.

Ofisi ya ushauri wa masomo haikuwa na uangalifu huo. Mpwa wangu alikuja na vyeti vya matokeo vya miaka ya sekondari aliyoimaliza kambini, vyote vikiwa kwa Kifaransa. Aliandikishwa darasa la tisa, yaani mwaka wa kwanza kati ya minne ya sekondari, bila krediti hata moja (hesabu ya masomo yaliyokamilika yanayohitajika ili kupata diploma), na vyeti vikawekwa kwenye faili. Ilibidi tuandike barua, turudi ofisini, na hatimaye tupeleke tafsiri tuliyoigharamia wenyewe, ndipo krediti za hisabati na sayansi zikaingizwa. Tuligundua pia kwamba somo la Kiingereza la wageni lilihesabiwa kuwa la hiari, hivyo mwaka mzima wa kazi ngumu haukumpunguzia chochote katika miaka minne ya Kiingereza inayotakiwa ili apate diploma. Jambo hilo lilirekebishwa tulipolilalamikia, lakini wenzake ambao walezi wao wanafanya kazi zamu za usiku kiwandani hawana mtu wa kwenda kulalamika.

Uzito wa jambo hili uko katika hesabu ya miaka. Pennsylvania humruhusu kijana kuendelea na sekondari hadi mwisho wa mwaka wa shule anaotimiza miaka 21. Anayeanza darasa la tisa akiwa na miaka 17 anafika ukingoni hata kama hakufeli somo lolote, na anayeanza akiwa na 18 tayari amechelewa. Watafiti wa lugha nao wanatueleza kwamba Kiingereza cha mazungumzo huja mapema, bali kile cha kusomea vitabu na kujibia mitihani huchukua miaka minne hadi saba. Zaidi ya hayo kuna mitihani ya jimbo iitwayo Keystone, katika aljebra, fasihi na baiolojia. Sheria Namba 158 ya mwaka 2018, iliyoanza kwa wahitimu wa 2023, imefungua njia nyingine za kuhitimu kwa asiyefaulu mitihani hiyo, ikiwemo vyeti vya ufundi vinavyotambuliwa na waajiri, lakini hatukuelezwa habari zake mpaka tulipouliza.

Walezi wafuatilie pia neno lolote linalohusu kuhamishiwa shule nyingine. Mjini Lancaster, katika jimbo hilihili, wakimbizi wa umri wa miaka 17 hadi 21 walikataliwa au kucheleweshwa kuingia sekondari kuu ya McCaskey, iliyokuwa na programu ya wageni, wakapelekwa Phoenix Academy, shule ya masomo ya haraka iliyoendeshwa na kampuni binafsi. Mwaka 2016 baadhi yao walishtaki, mahakama ya shirikisho ikaamuru waruhusiwe McCaskey, na mwezi Januari 2017 mahakama ya rufaa ikaithibitisha amri hiyo. Kishawishi cha kuwasukuma pembeni hakijatoweka, kwa sababu shule hupimwa kwa idadi ya wanaohitimu ndani ya miaka minne, na kijana mkubwa asiye na krediti hushusha kiwango hicho. Shule yetu haikumsukuma mpwa wangu, nami ninaishukuru kwa hilo, ingawa mshauri mmoja alidokeza mapema mno kwamba mtihani wa GED, unaompa mtu cheti kinacholingana na diploma ya sekondari bila kuimaliza shule, ungemfaa zaidi.

Upungufu mwingine ni kwamba hakuna vipindi vya jioni, na vijana kadhaa wanaosaidia kulipa kodi ya nyumba wameacha shule kwa sababu hiyo.

Kwa anayefika akiwa na miaka 14 au 15 ninaipendekeza programu hii bila wasiwasi. Kwa mwenye miaka 17 na zaidi bado ninaipendekeza, kwa kuwa sijaona ualimu bora kuliko huu kwa wanafunzi wa aina yao, lakini mlezi aende na vyeti vyote vya zamani, hata vya mwaka ambao haukukamilika, na aombe mpango wa maandishi unaoonyesha krediti zipi zimekubaliwa, zipi zimebaki, na kila moja itapatikana muhula gani kabla ya kijana kutimiza miaka 21. Kikao cha kwanza na mshauri kisifungwe kabla karatasi hiyo haijatolewa.